Umepigana na nani? Somo la Muhammad Ali kwa wanaopenda ushindi mwepesi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ijumaa moja, baada ya swala, vijana watatu walikuwa wamekaa barazani mwa msikiti wakibishana juu ya masumbwi. Mmoja wao alikuwa akimsifu bondia mmoja wa siku hizi kwamba tangu aanze kazi hiyo hajapata kushindwa hata mara moja. Mwenzake alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamjibu kwa utulivu: "Hajashindwa kwa sababu hajapigana na mtu." Mimi nilikuwa nimeinama natafuta viatu vyangu, na sikutaka kuingilia mazungumzo ya vijana. Lakini maneno yale nilikwenda nayo nyumbani, na mpaka leo hayajanitoka.

Ndugu msomaji, maneno yale yanagusa zaidi ya ngumi. Yanagusa namna tunavyowapima watu, na namna kila mmoja wetu anavyojipima mwenyewe. Tumezoea kuhesabu ushindi. Ni mara chache tunauliza ushindi huo ulipatikana juu ya nani. Ndiyo maana nimeona leo tumzungumze mtu ambaye swali hilo halikumsumbua kamwe, kwani majina ya aliopigana nao ni ushahidi tosha. Naye ni Muhammad Ali, bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu mara tatu, aliyefariki tarehe 3 Juni 2016 huko Scottsdale, Arizona, akiwa na umri wa miaka 74.

Kwanza tuijue biashara yenyewe. Asiyeifahamu hudhani kwamba bingwa hupigana na yule anayestahiki, na kwamba anayestahiki hujulikana. Sivyo. Baina ya bingwa na mpinzani wake wapo meneja, promota, vyama vinavyomiliki mikanda, na wenye televisheni. Bingwa akimpiga mtu dhaifu hulipwa, na mkanda hubaki kiunoni mwake. Akikutana na mtu hodari akashindwa, hupoteza mkanda, na thamani yake sokoni huporomoka siku hiyo hiyo. Kwa hesabu za dukani, basi, mwenye busara humkwepa hodari kadiri awezavyo, na humwita jina zuri yule dhaifu ili watu wanunue tiketi.

Mambo haya hayakuanza leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mabingwa weupe wa uzito wa juu walikataa kupigana na mabondia weusi, wakaifanya rangi ya ngozi kuwa ngao yao. Jack Johnson alilazimika kumfuata bingwa Tommy Burns mpaka Sydney, Australia, ndipo akapewa nafasi tarehe 26 Desemba 1908, na akaushinda ubingwa. Nusu karne baadaye, Floyd Patterson alipokuwa bingwa, meneja wake Cus D'Amato alimweka mbali na Sonny Liston kwa miaka kadhaa, kwa kuwa kila aliyekuwa na macho alijua yatakayotokea. Walipokutana hatimaye, tarehe 25 Septemba 1962, Patterson alilala chini katika raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata wakarudiana, akalala tena katika raundi ile ile ya kwanza.

Huyo Liston ndiye aliyetafutwa na kijana wa miaka 22 kutoka Louisville, Kentucky, ambaye wakati huo bado akiitwa Cassius Clay. Wengine walikuwa wakimkimbia Liston. Clay alikuwa akimfuata na kumpigia kelele mpaka apewe pambano. Wacheza kamari walimpa nafasi ya moja kwa saba. Tarehe 25 Februari 1964, Miami Beach, wakapanda ulingoni, na Liston hakuinuka kitini raundi ya saba ilipotangazwa.

Pambano lile lina kisa ambacho wanaolisimulia hukipita haraka. Baada ya raundi ya nne kijana yule alirudi kwenye kona yake macho yakimwasha kwa dawa iliyomwingia, haoni vizuri, na akataka avuliwe glovu pambano likome. Kocha wake, Angelo Dundee, akamwosha macho, akamwinua na kumsukuma arudi ulingoni. Akarudi, akakimbia huku na huku mpaka macho yakafunguka. Nimekitaja kisa hiki kwa makusudi, ili kijana asidhani kwamba jasiri ni mtu asiyepata kutamani kuacha. Ali alitamani kuacha. Aliyemwokoa ni mtu aliyesimama nyuma yake asiyemruhusu. Heri aliye na rafiki wa namna hiyo.

Mara baada ya ushindi ule alitangaza dini yake, na mwezi uliofuata akajulikana kwa jina la Muhammad Ali. Ni haki tuseme kwamba kundi alilojiunga nalo wakati ule, Nation of Islam la Elijah Muhammad, lilikuwa na mafundisho ambayo Waislamu wa ulimwengu hawayakubali. Ali alihiji Makka mwaka 1972, na baada ya Elijah Muhammad kufariki mwaka 1975 aliungana na mwanawe, Warith Deen Mohammed, katika kurejea kwenye Uislamu wa Sunna. Lakini hata katika miaka ile ya mwanzo, gharama aliyoilipa kwa jina lake na imani yake ilikuwa kubwa, kama tutakavyoona.

Alipokuwa bingwa hakukaa juu ya mkanda kama kuku juu ya mayai. Katika mwaka 1966 pekee aliutetea ubingwa wake mara tano, katika nchi nne: kwa George Chuvalo huko Toronto, kwa Henry Cooper na Brian London nchini Uingereza, kwa Karl Mildenberger huko Frankfurt, na kwa Cleveland Williams huko Houston. Msomaji alinganishe na mabingwa wa leo wanaopanda ulingoni mara moja kwa mwaka, au wasipande kabisa mwaka mzima, huku mawakili wakijadili mikataba.

Kisha akaja mpinzani ambaye hakuna promota aliyempanga. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Ali aliitwa jina lake ili apige hatua moja mbele na kuwa askari wa jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Hakupiga hatua hiyo, akatoa sababu za dini yake. Papo hapo alianza kunyang'anywa ubingwa na leseni. Tarehe 20 Juni mwaka huo mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Hakwenda gerezani kwa kuwa alikata rufaa, lakini pasipoti ilichukuliwa, na kwa miaka mitatu na nusu, tangu umri wa miaka 25 hadi 28, hakupigana. Hiyo ndiyo miaka ambayo bondia huwa katika kilele cha nguvu zake. Alizunguka vyuo vikuu akitoa mihadhara ili apate riziki. Tarehe 28 Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu ile kwa kura nane bila ya mpinzani.

Tulitafakari jambo hili. Mtu yule angeweza kuvaa sare, akapigana mapambano ya maonyesho mbele ya askari, akala na kulala salama, kisha akarudi na mkanda wake. Wengi wa mashuhuri waliomtangulia walifanya hivyo katika vita vilivyopita. Yeye akachagua kusimama mbele ya serikali ya nchi yake, asiye na jeshi wala chama cha siasa. Katika orodha ya aliopambana nao, huyu ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote, na ndiye pekee aliyempiga kwa kukataa kuinua mkono.

Aliporudi ulingoni mwezi Oktoba 1970 hakuwa yule wa zamani. Miguu ilikuwa mizito zaidi. Desturi ya biashara ingetaka apewe watu wepesi mwaka mzima ili apate joto. Yeye alianza na Jerry Quarry, akafuata Oscar Bonavena, wote watu wa kuogopwa, na mwezi wa tano tangu arejee, tarehe 8 Machi 1971, akakutana na Joe Frazier katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, wote wawili wakiwa hawajapata kushindwa. Katika raundi ya 15 Frazier alimpiga ngumi ya mkono wa kushoto iliyomlaza chali. Akainuka mara moja, akamaliza raundi, akashindwa kwa pointi. Miaka miwili baadaye Ken Norton alimvunja taya huko San Diego, naye akaendelea mpaka kengele ya raundi ya 12, akashindwa tena.

Hapa ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Hesabu ya maisha yake yote ni mapambano 61. Alishinda 56 na kushindwa matano. Watatu wa kwanza kumshinda ni Frazier, Norton na Leon Spinks. Watatu hao wote aliwarudia, na wote akawashinda. Norton alirudiwa baada ya miezi sita tu, tangu taya lililovunjwa lilipopona. Frazier alirudiwa mara mbili, mwaka 1974 na 1975. Spinks, aliyemnyang'anya ubingwa Februari 1978, alirudiwa Septemba mwaka huo huo. Mtu aliyekushinda ndiye unayemwogopa zaidi, maana udhaifu wako ameuona. Kumtafuta tena kwa hiari yako ni jambo ambalo wengi hatuliwezi hata katika mambo madogo. Aliyefeli somo hulikimbia maisha yake yote. Aliyeaibika katika mkutano hahudhurii tena.

Pambano lililoshangaza ulimwengu ni la Kinshasa, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, tarehe 30 Oktoba 1974. Bingwa alikuwa George Foreman, kijana wa miaka 25, aliyeshinda mapambano yake yote 40, na 37 kati ya hayo kwa kuwaangusha wapinzani wasiinuke au kusimamishiwa. Frazier aliyemshinda Ali, Foreman alimwangusha mara sita katika raundi mbili. Norton aliyemvunja Ali taya, Foreman alimmaliza katika raundi ya pili. Ali alikuwa na miaka 32. Hata watu wa kambi yake walihofia uhai wake. Rais Mobutu alitoa fedha, kila bondia akaahidiwa dola milioni tano.

Pambano lilianza alfajiri, kiasi cha saa kumi kwa saa za Kinshasa, ili liwafikie watazamaji wa Marekani usiku wao. Katika pwani yetu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi, watu wameshaswali Alfajiri. Baada ya raundi ya kwanza Ali alitambua kwamba kukimbia hakutamfaa, akaegemea kamba za ulingo, akajikinga uso na mbavu, akamwacha Foreman apige. Apige, apige, mpaka mikono ichoke. Katika raundi ya nane mikono ikachoka kweli, na Ali akatoka kwenye kamba akamwangusha. Umati wa Kinshasa ulikuwa ukimshangilia kwa Kilingala usiku kucha.

Wengi wameisifu hila hiyo. Mimi naona ndani yake jambo ambalo dini yetu imelipa jina kabla ya ngumi kuwa biashara, nalo ni subira. Subira si kukaa kivivu ukingoja dhiki ipite. Ni kustahimili pigo huku akili ikiwa macho, ukijua unangoja nini. Anayepigwa bila ya kujua sababu anaonewa. Anayepigwa huku anahesabu raundi, huyo anasubiri.

Ndugu msomaji, sitaki niandike kana kwamba tunamzungumza mtu asiye na kasoro. Hakuwa malaika, na sifa isiyo na ukweli ni uongo. Kwanza, si wote aliopigana nao walikuwa hodari. Katika miaka ya mwisho alikubali pia wapinzani wa kawaida sana, kama Jean-Pierre Coopman na Richard Dunn mwaka 1976. Foreman aliyeshindwa Kinshasa hakupewa marudiano mpaka mwisho. Haki inatutaka tuyaseme hayo pamoja na yale mazuri.

Pili, na hili ni zito zaidi, ni ulimi wake kwa Joe Frazier. Wakati Ali amefungiwa, Frazier alimsaidia fedha na kumtetea arudishiwe leseni. Malipo aliyoyapata ni kuitwa kibaraka wa weupe, na kabla ya pambano la tatu, lililofanyika tarehe 1 Oktoba 1975 karibu na Manila, Ali alimfananisha na sokwe mbele ya ulimwengu mzima. Watoto wa Frazier waliletewa maneno hayo shuleni. Pambano lenyewe lilikuwa la kutisha. Baada ya raundi ya 14 kocha Eddie Futch alimzuia Frazier asiinuke kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefumba, na Ali mwenyewe alisema baadaye kwamba siku ile alikikaribia kifo. Majeraha ya uso yalipona. Majeraha ya maneno Frazier alikaa nayo miaka mingi.

Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na akatukumbusha kwamba huenda anayedharauliwa akawa bora kuliko anayedharau. Mwaka 2001 Ali alikiri gazetini kwamba alikosea, akaomba radhi. Frazier alipofariki Novemba 2011, Ali, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa sana, alihudhuria mazishi yake. Tunajifunza hapa kwamba mtu anaweza kuwa jasiri wa kumkabili mpinzani na akawa dhaifu wa kumheshimu. Mpinzani mgumu ni neema, kwa kuwa ndiye anayekutoa kile ambacho hukujua kuwa unacho. Pasipokuwa na Frazier, nani angemjua Ali kama tunavyomjua? Mtu huyo hustahiki shukrani, na kumtukana ni kuikufuru neema.

Yapo na ya tatu. Ushujaa una mpaka, na mpaka huo Ali aliuvuka. Baada ya pambano na Earnie Shavers, Septemba 1977, daktari wake Ferdie Pacheco alimshauri aache ngumi, na alipoona hasikilizwi akajitoa. Ali alistaafu mwaka 1979, kisha akarudi tarehe 2 Oktoba 1980, akiwa na umri wa miaka 38, kupigana na Larry Holmes, bingwa aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Alipigwa raundi kumi bila ya kujibu, mpaka Dundee akasimamisha. Desemba 1981 akashindwa na Trevor Berbick huko Bahamas, ndio ukawa mwisho. Mwaka 1984 ikajulikana kwamba ana maradhi ya Parkinson. Madaktari wamejadiliana sana juu ya mchango wa ngumi katika maradhi yake, lakini hakuna aliyesema kwamba ngumi zile za mwisho zilimfaa kitu.

Katika Surat Al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Na katika Hadithi sahihi tumekatazwa kupiga uso. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake mjini Makka, lilitoa azimio kwamba masumbwi kwa namna yanavyochezwa leo hayaruhusiwi kisheria, kwa sababu lengo lake ni kumdhuru mwenzako. Hatuna budi kuliheshimu neno la wanazuoni. Kwa hiyo makala haya hayamwiti kijana yeyote kwenda ulingoni. Mazoezi ya mwili ni jambo jema, na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mieleka na Rukana, mtu aliyesifika kwa nguvu huko Makka, akamwangusha, ingawa wanazuoni wamezungumza juu ya nguvu ya mapokezi yake. Lakini kumpiga mtu kichwani mpaka azimie ni jambo jingine. Tunachokitafuta kwa Ali si ngumi yake. Tunatafuta ile nia ya kutomkwepa aliye mgumu.

Nia hiyo tuliiona hata katika ardhi yetu. Mwezi Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Ali katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo Tanzania, kuzishawishi zisusie michezo ya Olimpiki ya Moscow baada ya Urusi ya Kisovieti kuivamia Afghanistan. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye; serikali iliona ni dharau kuletewa bondia kuzungumzia jambo la mataifa. Waandishi wa habari wa Dar es Salaam wakamweka katikati. Wakamuuliza: mbona Waafrika waliposusia michezo ya Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya ubaguzi wa Afrika Kusini, Marekani haikuwaunga mkono? Na mbona wanaowasaidia wapigania uhuru ni hao hao Wasovieti?

Mtu mwingine angetoa hotuba aliyoandikiwa na kuondoka. Ali alikiri hadharani kwamba mambo hayo hakuwa ameambiwa, na kwamba huenda anatumiwa katika jambo lisilo sawa. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Kwa wanasiasa, safari ya Ali ilikuwa kushindwa. Kwangu mimi, kusimama mbele ya maswali magumu na kusema "hili sikulijua" ni ushindi ambao viongozi wengi hawajapata kuuonja.

Sasa turudi barazani mwa msikiti, kwa wale vijana watatu. Swali la "umepigana na nani?" tukiligeuza likatutazama sisi, tutajibu nini?

Yupo mwanafunzi anayechagua masomo kwa kuuliza lipi ni jepesi, akapata alama nzuri kwa kitu ambacho hakikumwongezea akili. Yupo mhadhiri wa dini anayeshinda mijadala yote kwa sababu hujadiliana na watu wasiokuwepo. Hutaja hoja dhaifu kabisa za anayempinga, akaivunja, na jamaa zake wakapiga takbira. Wanazuoni wetu wa zamani walikuwa wakiandika hoja ya anayewapinga kwa uzito wake wote, pengine vizuri zaidi kuliko mwenyewe, ndipo wakaijibu. Wapo viongozi wa kamati za misikiti na madrasa ambao hawaitishi mkutano wa hesabu mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa wanamjua mzee mmoja atakayeinua mkono na kuuliza. Mzee yule ndiye mpinzani wao mgumu, na ndiye pia atakayewaokoa siku ya hesabu isiyoahirishwa.

Na yupo mwanamume ambaye kazini ni mpole, mbele ya bosi ni mpole, mbele ya askari ni mpole kupita kiasi. Lakini akifika nyumbani ngumi zake humshukia mkewe na wanawe. Huyo ndiye mwenye rekodi safi kuliko mabingwa wote, maana hajapata kupigana na mtu anayeweza kumrudishia. Na amepokea Bi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Aliyekuwa hodari kuliko sote, aliyesimama imara siku ya Hunayn wengi walipokimbia, hakuinua mkono nyumbani mwake. Hakuna hoja itakayobaki baada ya hapo.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha pia, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Basi huyo ndiye mpinzani mgumu kuliko Liston na Foreman. Hapangwi na promota, hana raundi 15, na kila alfajiri anakungoja kitandani, akikuambia ulale kidogo tu. Tunaweza kumkwepa kila mpinzani wa nje na tukafa na rekodi safi, huyu hakwepeki. Anayemkimbia ameshashindwa.

Miaka ya mwisho ya Ali ilikuwa ya namna hiyo. Aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko mabondia wote alinyang'anywa sauti, na mikono iliyomwangusha Foreman ikawa haishiki kikombe bila ya kutetemeka. Hakujificha. Mwaka 1996 huko Atlanta aliuwasha mwenge wa Olimpiki mbele ya walimwengu, mkono ukitetemeka, bila ya kuona haya. Foreman, aliyeangushwa Kinshasa, alikuwa rafiki yake, na mwaka 1997 alimshika mkono kumpandisha jukwaani katika sherehe za tuzo za filamu za Marekani. Waliokutana kwa haki ulingoni huweza kushikana mikono uzeeni. Swala ya jeneza ya Ali ilisaliwa Louisville tarehe 9 Juni 2016, na siku ya pili yake, siku ya Ijumaa, akazikwa.

Ndugu zangu, tusione fahari ya kutoshindwa kabla hatujajiuliza tulisimama mbele ya nani. Na tukishindwa na aliye hodari kwa haki, tusione haya. Tuinuke, tujifunze, na ikibidi tumrudie. Mwenyezi Mungu atupe ujasiri wa kuyakabili yaliyo magumu, hekima ya kujua mahali pa kusita, na ulimi unaomheshimu anayetupinga. Amghufirie Muhammad Ali makosa yake, amrehemu pamoja na wazee wetu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.